Ukiacha Biblia na Shylock: tuanzie wapi kusoma walichoandika Wayahudi wenyewe?

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunakutana watu tisa hapa Uyole, katika chumba cha nyuma cha duka la mwenzetu mmoja, tukizungumza juu ya kitabu tulichokubaliana kukisoma. Mwezi uliopita tulisoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare yenye Shylock, yule Myahudi mkopesha fedha, katika ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, kutoka katika nakala moja chakavu niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, ambayo jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka mama mmoja muuza viazi, ambaye kwa kawaida husikiliza zaidi ya kusema, alipouliza swali lililotunyamazisha: “Ukiacha wale wa kwenye Biblia na huyu Shylock, ni Myahudi gani mwingine tunayemjua?”

Tulihesabu. Mmoja akamtaja Einstein, mwingine akamtaja Karl Marx, tukabishana kama Marx anahesabika ilhali alibatizwa utotoni, kisha tukakwama. Kwa sisi tuliolelewa na shule ya Jumapili, Wayahudi wanaishia kwenye sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume, Paulo akiwa katika nyumba aliyoipanga kule Roma, na baada ya hapo hatuwasikii tena mpaka karne ya 20, wanapotokea wakiwa maiti katika picha za vita au wanajeshi katika taarifa ya habari. Hata Shylock mwenyewe si ushahidi wa lolote. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, naye Shakespeare aliandika tamthilia yake mwishoni mwa miaka ya 1590, kwa hiyo alimchora jirani ambaye nchi yake ilikuwa imemfukuza miaka mia tatu iliyotangulia.

Ombi langu ni hili: mtu anayetaka kusikia walichofikiri na kuandika wao wenyewe baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, aanzie wapi? Naomba majina ya vitabu, lakini zaidi naomba sababu. Naomba pia tusiingize humu siasa za leo za Mashariki ya Kati, kwa maana zina nyuzi zake za kutosha na kila zinapoingia humeza mengine yote.

Mchungaji Mstaafu (Rungwe)

Mwalimu, ndaga fijo kwa swali hili. Huyo mama muuza viazi amenigusa mahali panapouma, kwa sababu nimehubiri kwa miaka thelathini na minane, na katika madaftari yangu ya mahubiri, ambayo bado nayatunza kwenye sanduku la bati, Mafarisayo wanatajwa karibu kila mwezi na hakuna hata mara moja wanapotajwa kwa wema. Nilistaafu bila kujua kwamba ni warithi wa Mafarisayo hao hao waliokaa chini baada ya Hekalu kuteketea, wakajiuliza itakuwaje dini isiyo na madhabahu, isiyo na sadaka ya kuteketezwa na isiyo na mji.

Wengi watakuambia uanze na Josephus, na mimi nilianza naye. Alikuwa mtu wa ukoo wa kikuhani aliyeongoza mapigano huko Galilaya, akajisalimisha kwa Warumi mwaka 67, akamalizia maisha yake Roma akilishwa na Kaisari huku akiandika habari za vita vilivyoiangamiza nchi yake. Ni mwandishi hodari, na si mtu wa kumkopesha fedha. Lakini Josephus anatazama nyuma, kwenye moshi. Ukitaka kujua waliobaki walijenga nini, fungua Talmudi, ule mkusanyo mkubwa wa sheria, visa na mabishano ya marabi, na usianze kwa kuisoma, anza kwa kuitazama.

Nilionyeshwa ukurasa wake kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sitini. Katikati pana maneno machache ya Mishna, yaani mkusanyo wa sheria uliokamilishwa na Rabi Yehuda karibu mwaka 200. Chini yake yanafuata mabishano ya marabi wa Babeli juu ya maneno hayo, mengi yakiwa kwa Kiaramu, mabishano yaliyochukua miaka mia tatu na zaidi. Pembeni, upande wa ndani, yupo Rashi, mwalimu wa Troyes nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, anayekushika mkono neno kwa neno, na neno likiwa gumu analitaja kwa Kifaransa cha mtaani kwake, kama sisi tunavyomalizia kwa Kinyakyusa pale Kiswahili kinapokwama. Upande wa nje wapo wajukuu zake na wanafunzi wao, ambao ukiwasoma utadhani walizaliwa ili kumpinga babu. Watu waliopishana kwa miaka elfu moja wanakaa kwenye karatasi moja, wakijibizana kana kwamba wako kwenye kibaraza kimoja.

Nitakupa kisa kimoja kilichoninyima usingizi. Rabi Eliezeri alikuwa peke yake dhidi ya wenzake wote kuhusu tanuri fulani ya udongo, kama inaweza kutiwa unajisi au haiwezi. Akasema, ikiwa sheria iko upande wangu, mti huu uthibitishe, na mti ukang’oka. Wenzake wakajibu kwamba mti si hoja. Akayaita maji ya mfereji, yakarudi nyuma. Akaziita kuta za chuo, zikainama. Mwishowe sauti ikatoka mbinguni ikimuunga mkono. Ndipo Rabi Yoshua aliposimama akaijibu sauti hiyo kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kwamba Torati haiko mbinguni. Ilikwisha kutolewa, na sasa wanaoamua ni wengi. Inasemekana Mungu alicheka, akasema wanangu wamenishinda.

Nilikisimulia kisa hiki katika kikao cha wazee wa kanisa, na nusu yao hawakutaka kukisikia hadi mwisho. Mzee mmoja aliniuliza: “Basi na ile sauti ya pale Yordani nayo ingepigiwa kura?” Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Ila niongeze jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Kisa hakiishii kwenye kicheko. Rabi Eliezeri alitengwa na wenzake, akakaa chini akalia, na kisa chote kimewekwa katika sura inayozungumzia dhambi ya kumuumiza mtu kwa maneno. Waliomshinda kwa kura ndio walioandika kwamba walimuumiza.

Usijaribu kuisoma yote. Ni karatasi 2,711, na wale wanaosoma karatasi moja kila siku, kwa utaratibu ulioanzishwa na Rabi Meir Shapiro mwaka 1923, huchukua miaka saba na nusu kuimaliza. Chukua kisa kimoja. Na kwa kuwa mmetoka Venisi, jueni kwamba Talmudi nzima ilipigwa chapa kwa mara ya kwanza Venisi hiyo hiyo, kati ya 1520 na 1523, na mpiga chapa alikuwa Mkristo, Daniel Bomberg, ambaye mpangilio wake wa karatasi unafuatwa hadi leo. Miaka michache kabla, mwaka 1516, mji huo ulikuwa umewafungia Wayahudi wake katika mtaa mmoja wenye milango inayokomewa usiku, ulioitwa ghetto. Vijana wetu wanaosema “nipo geto” wakiwa wamejilaza kwenye chumba cha kupanga wanalitumia jina la mtaa huo. Mwaka 1553 Talmudi ilichomwa moto Roma, na baadaye mwaka huo huo ikachomwa Venisi kwenyewe, uwanjani, mbele ya watu.

Mwalimu wa Historia (Kihesa, Iringa)

Kamwene, Mwalimu. Mchungaji, shikamoo. Kwa heshima zote napingana nawe, na ninapingana nawe hasa kwenye hicho kibaraza unachokisifu. Mtu wa kwanza na mtu wa elfu wanapokaa pamoja wakizungumza kama majirani, msomaji mgeni hawezi kujua nani aliishi lini, nani alikuwa chini ya mfalme yupi, nani aliandika akiwa ameshiba na nani aliandika akikimbia. Kwa watu wa Uyole wanaoanza leo, hilo ni giza.

Ningewashauri waanze na kitabu chembamba cha Yosef Hayim Yerushalmi, aliyekuwa profesa wa historia ya Wayahudi huko New York. Kilitoka mwaka 1982, kikiwa na mihadhara minne tu, na jina lake ni neno la Kiebrania, Zakhor, yaani Kumbuka. Hoja yake ilinishangaza. Torati inawaamuru Wayahudi wakumbuke, tena na tena, pengine kuliko taifa lolote la kale. Lakini baada ya Josephus, kwa takriban miaka elfu moja na mia nne, ni nadra kumpata Myahudi aliyeketi kuandika historia kwa maana tunayoifundisha darasani. Walikumbuka kwa njia nyingine. Walikumbuka kwa kula. Usiku wa Pasaka mtoto mdogo kuliko wote anauliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mikesha mingine, wakubwa wanamjibu kwa mkate usiotiwa chachu na mboga chungu, na Mishna inamtaka kila mtu, katika kila kizazi, ajione kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka Misri. Mtu aliyetoka Misri mwenyewe ana haja gani ya kuuliza ilikuwa mwaka gani?

Uandishi wa historia uliamka kidogo katika karne ya 16, baada ya kufukuzwa Hispania mwaka 1492, kisha ukalala tena. Uliamka kwa nguvu katika karne ya 19 huko Ujerumani, ambako Heinrich Graetz alitoa juzuu kumi na moja kati ya 1853 na 1876. Yerushalmi hafurahii moja kwa moja. Anaona kwamba mwanahistoria wa kisasa ameshika kazi wakati kumbukumbu ya jamii imepungua, na kwamba anachozalisha hakiwezi kuchukua nafasi ya kile kilichopotea, kwa sababu mwanahistoria huuliza maswali ambayo kumbukumbu haikuyataka.

Nilikisoma kitabu hiki hapa Iringa, na nisingekielewa kama nisingekuwa Iringa. Kila mwaka ninawapeleka wanafunzi Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwaagiza Wajerumani walirudishe, kifungu cha 246, na lilirudi mwaka 1954 tu, baada ya Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, kulichagua Bremen miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake. Mwanafunzi mwerevu daima huuliza: mwalimu, kwa hiyo tuna uhakika ni lenyewe? Mimi mwanahistoria inanibidi nieleze njia iliyotumika na udhaifu wake. Mzee tuliyesimama naye siku moja, aliposikia maelezo yangu, alivua kofia yake mbele ya kabati la kioo, akaniambia taratibu: “Wewe endelea kupima.”

Kijana wa Ifunda

Walimu wangu, shikamooni. Naomba kuuliza jambo dogo. Babu yangu anasimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kambi ya wazungu wakimbizi hapa Ifunda, wanawake na watoto wengi. Je, hao walikuwa Wayahudi waliomkimbia Hitler?

Mwalimu wa Historia (Kihesa, Iringa)

Marahaba, kijana. Babu yako anakumbuka sawasawa, lakini hao walikuwa Wapolandi, na wengi wao sana walikuwa Wakatoliki. Walihamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa Siberia na Kazakhstan, wakaachiwa baadaye, wakapita Iran, kisha Waingereza wakawagawanya katika makambi ya Afrika Mashariki, yakiwemo Tengeru, Ifunda na Kidugala. Kaa na babu, andika anayoyakumbuka, umwache aseme kwa utaratibu wake mwenyewe.

Msomaji wa Kyela

Assalaam alaykum, wanajukwaa. Mimi si msomi bali ni mfanyabiashara wa mchele, ila nilikaa madrasa miaka ya kutosha kuweza kusoma Kiarabu kwa kujikongoja, na ni Kiarabu kilichonifikisha kwa Musa bin Maimun, ambaye wazungu humwita Maimonides.

Alizaliwa Cordoba, Hispania ya Waislamu, familia yake ikakimbia dhuluma ya watawala wapya wa huko, na baada ya kuhangaika akatulia Fustat, Kairo ya kale, akawa mganga katika baraza la Salahuddin na kiongozi wa Wayahudi wa Misri. Alifariki mwaka 1204. Kitabu chake kikuu cha falsafa kinaitwa Dalalat al-Hairin, Mwongozo wa Waliotatizwa. Tazameni neno la kwanza: dalala, kumwonyesha mtu njia. Ni mzizi mmoja na dalili yetu, na pia na dalali wetu wa vyumba, ingawa huyu wa pili mara nyingi huongeza idadi ya waliotatizwa. Aliandika kwa Kiarabu lakini kwa herufi za Kiebrania, kama mababu zetu wa pwani walivyoandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Myahudi wa Kairo alifikiri kwa lugha ya jirani yake Mwislamu na kuivalisha nguo za kwao. Sijui kama kuna msomaji anayeweza kulielewa jambo hilo haraka kuliko Mswahili.

Sitawadanganya kwamba nimekimaliza. Kinaanza kwa kuchambua neno “mfano” katika Mwanzo, pale mtu anapoumbwa kwa mfano wa Mungu, ili kuondoa kabisa dhana kwamba Mungu ana mwili, na kuanzia hapo kinapanda mlima. Nilichokisoma hadi mwisho, na ambacho ningewashauri watu wa Uyole, ni barua.

Wayahudi wa Fustat hawakutupa karatasi yenye jina la Mungu, na kwa tahadhari hawakutupa karatasi yoyote iliyoandikwa kwa herufi zile. Waliziweka katika chumba cha sinagogi ya Ben Ezra, karne baada ya karne. Mwaka 1896 Solomon Schechter alikwenda huko akitokea Cambridge, akaingia katika vumbi lile, na akapeleka Uingereza vipande zaidi ya 190,000. Humo mna sala na mashairi, ndiyo, lakini mna hati za ndoa, madai ya talaka, daftari la mtoto anayejifunza herufi, na barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi wanaolalamikia bei ya pilipili na wakala asiyejibu. Shelomo Dov Goitein alizisoma kwa miongo kadhaa na kutoa juzuu tano juu ya maisha ya watu hao, ya kwanza mwaka 1967. Nilipofika kwenye malalamiko ya wakala nilihisi nasoma simu yangu.

Miongoni mwa barua hizo imo ya Daudi, mdogo wake Maimonides, aliyekuwa akifanya biashara ili kaka yake apate kusoma. Ameiandika bandarini Aydhab, kwenye Bahari ya Shamu, baada ya kuvuka jangwa akiwa ametengana na msafara. Anasema amefika salama, hakukuta bidhaa ya maana, kwa hiyo ameamua kuendelea kwa bahari hadi India, na anawaomba nyumbani wasiwe na wasiwasi. Alizama Bahari ya Hindi, na mali yake na ya watu wengine ikazama naye. Miaka mingi baadaye Maimonides alimwandikia rafiki yake kwamba alipopata habari hizo alilala kitandani karibu mwaka mzima, na kwamba hadi siku hiyo kila anapouona mwandiko wa Daudi moyo wake unapinduka. Mwandiko wenyewe tunao, uko Cambridge. Mwalimu wa Iringa anasema kumbukumbu ni jambo moja na historia ni jambo jingine. Mbele ya barua hii mimi sioni mpaka wenyewe uko wapi.

Mama wa Ng’ombe (Mafinga)

Wapendwa, nimewasoma nyote mara mbili. Ndugu wa Kyela ametuamkia kwa assalaam alaykum, na mwandishi ninayemleta mimi aliigeuza salamu hiyo hiyo, kwa Kiebrania cha kwao, kuwa jina lake la uandishi: Sholem Aleichem, amani iwe juu yenu. Alizaliwa Ukraina ya leo mwaka 1859 na kufariki New York mwaka 1916, na mtu wake maarufu ni Tevye muuza maziwa. Nina ng’ombe watatu na mtamba mmoja, kwa hiyo msinitegemee kuwa hakimu asiye na upande.

Tevye ana mke, Golde, ana farasi mzee, ana mabinti, na ana maziwa, siagi na jibini anavyowauzia matajiri wanaotoka mjini kuja kupumzika kijijini wakati wa joto. Njiani anazungumza na Mungu. Ananukuu Maandiko na kuyafasiri anavyotaka, mengine kwa kukosea kwa makusudi, na katikati ya sala anakatiza kumkaripia farasi. Visa vilianza kutoka mwaka 1894 na kuendelea kwa miaka ishirini, naye Tevye anazeeka pamoja na mwandishi wake. Kila binti anamletea pigo lake. Mkubwa anamkataa mchinja nyama tajiri na kuchukua fundi cherehani asiye na kitu; Hodl anamfuata mwanamapinduzi uhamishoni. Baba anampeleka Hodl stesheni, anatusimulia kidogo, sauti inamkwama, kisha anasema tuzungumze mambo ya furaha zaidi, vipi habari za kipindupindu huko Odessa? Nilicheka kwa sauti zizini, kisha nikasikia aibu.

Wa tatu, Chava, anaolewa na kijana asiye Myahudi, na kwa baba yake huko ni kufa. Wanafanya matanga. Siku moja Chava anamsubiri njiani msituni, anashika hatamu za farasi, anamsihi amsikilize neno moja tu. Tevye anamchapa farasi anapita. Mbele kidogo anaanza kujiuliza, ni nini basi kuwa Myahudi na kutokuwa Myahudi, na kwa nini Mungu aliwaumba wote wawili? Anataka kugeuza gari, na hageuzi. Hapo pana fikra za Kiyahudi, Mchungaji, zikiwa na matope kwenye magurudumu. Wasomaji wa Uyole wana mabinti. Waanze hapo.

Aliandika kwa Kiyidishi, lugha yenye mifupa ya Kijerumani, maneno mengi ya Kiebrania na ya Kislavoni, na herufi za Kiebrania, ambayo wasomi wa siku zake waliiita lugha mbovu ya sokoni isiyofaa kwa mambo mazito. Sisi tunaoambiwa hadi leo kwamba sayansi haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili tunaijua hoja hiyo. Mwaka 1978 Isaac Bashevis Singer alipewa Tuzo ya Nobeli kwa vitabu alivyoviandika kwa lugha hiyo, wakati ambapo wengi wa waliokuwa wakiizungumza walikuwa wameuawa.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo sikutaka kulileta, ila Mwalimu wa Historia amenichokoza. Mwezi Novemba 1940, Wajerumani walipowazungushia ukuta Wayahudi wa Warsaw, mwanahistoria Emanuel Ringelblum alianzisha kikundi cha siri kilichokutana siku za Jumamosi na kwa hiyo kikajiita Furaha ya Sabato. Walikusanya kila kitu: shajara, matangazo ya ukutani, insha za watoto wa shule, tiketi za tramu, karatasi za pipi. Walijua kwamba muuaji asipopingwa ndiye atakayeandika habari zao. Sehemu ya kwanza waliizika mwaka 1942 ndani ya masanduku kumi ya bati. Sehemu ya pili, mwaka 1943, waliizika ndani ya keni mbili za maziwa. Masanduku yalichimbuliwa mwaka 1946, keni mwaka 1950, na sehemu ya tatu haijapatikana hadi leo. Kati ya watu wapatao sitini wa kikundi hicho waliopona ni watatu, na Ringelblum hakuwamo.

Nina keni ya lita arobaini ninayoipeleka kila asubuhi kituo cha kukusanyia maziwa. Mfuniko wake unabana kweli, lakini ninajua maji hupitia wapi. Waliozifungua zile za Warsaw walikuta karatasi zinasomeka. Sikusoma kitu kingine wiki ile.

Mwalimu wa Uyole (Mbeya)

Nawashukuru wote, na samahani kwa kukawia kujibu; tulikuwa na mitihani ya muhula. Niliwasomea wenzangu uzi huu jana, tangu mwanzo hadi mwisho, na hatukuelewana, jambo ambalo Mchungaji atalifurahia. Fundi wetu wa redio anataka barua za wafanyabiashara na hataki kusikia jingine. Mimi nilikuwa upande wa Zakhor, lakini nilikubali kwamba kitabu kinachojadili kwa nini watu hawakuandika historia kinamfaa zaidi aliyekwisha kuwajua watu wenyewe. Mama muuza viazi aliniuliza tena habari za Chava, nikamrudia sehemu ile ya msituni, naye akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: “Huyo baba alikuwa anamsikia, sivyo? Alimsikia kila neno.” Tukakubaliana kuanza na Tevye.

Kwa kuwa wanaosoma Kiingereza kwa raha ni watatu tu kati yetu, kila mmoja wa hao atachukua kisa kimoja na kukisimulia kwa Kiswahili, huku wengine wakiruhusiwa kumkatiza. Mchungaji, kwa mwezi wa pili tungependa utupandie Uyole na kisa cha tanuri, na ikiwezekana uje na yule mzee aliyeuliza habari za Yordani. Kinachotukwamisha sasa ni nakala, kwa maana hapa Mbeya sijaipata.

Mama wa Ng’ombe (Mafinga)

Mwalimu, nakala ninayo, niliachiwa na mwalimu mgeni alipomaliza mkataba wake. Nitaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kumkabidhi kondakta wa basi la asubuhi Jumatano. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha, usiiandike hapa. Karatasi za kisa cha Chava zimeachia gundi, nimezibana na kibanio cha nguo, msije mkazipoteza. Na hiyo alama ya kahawia kwenye ukurasa wa mbele ni maziwa.